Basi la Umeme Likoni hadi Ukunda: Nani Atalipia Kiti Kitupu?

Mfanyakazi anayelala Likoni na kufanya kazi kwenye hoteli ya Diani hulipa nauli mara nne kwa siku: Likoni hadi Ukunda, Ukunda hadi ufuoni, kisha arudi kwa njia ileile. Ukichukua shilingi 100 kwa kipande kirefu na 50 kwa kile kifupi, siku imekula 300. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni 7,800. Jioni ya mvua au mkesha wa Idi ile 100 hugeuka 150, na abiria hana pa kupeleka malalamiko. Anayepokea 18,000 kwa mwezi anatoa shilingi 43 katika kila mia ili afike kazini na kurudi.

Wengine wamekimbilia pikipiki. Hesabu yake haitofautiani sana: kilomita 60 na ushei kwa siku, lita moja ikivuta kilomita 40 na petroli ikiwa shilingi 180, ni karibu 280 kila siku, kabla hujagusa matairi, oili, bima na hatari ya kushindana na malori ya Lunga Lunga usiku. Pikipiki za umeme tayari zimeingia ukanda huu. Rais Ruto alizizindua Mombasa Septemba 2023 pamoja na kampuni ya Spiro. Mabasi ya umeme ndiyo yaliyobaki nyuma. Nairobi yanazunguka tangu 2022, na huku kusini ya feri abiria bado anakaa kwenye matatu ya dizeli.

Siku mwekezaji atakapokuja Kwale na michoro ya mabasi yasiyotoa moshi, akiomba apewe njia ya Likoni kwa kandarasi, kila mtu atauliza kama nauli itashuka. Jibu nililopata baada ya kupiga hesabu ni kwamba umeme unaweza kuishusha gharama ya mwendo, tena kwa kiasi kikubwa, lakini nauli yenyewe itaamuliwa na mkataba. Kwa hiyo tuanze na hesabu, kisha tuusome mkataba kabla haujaandikwa.

Matatu ya abiria 14 inayotumia dizeli huenda kilomita kama 10 kwa lita. Tuchukue dizeli kuwa shilingi 170. Mombasa huwa chini kidogo ya Nairobi kwa sababu mafuta yanashukia bandarini. Kutoka Likoni hadi Ukunda ni kilomita 30 hivi, basi safari moja inachoma shilingi 510. Gari likijaa, kila abiria amebeba 36. Basi dogo la dizeli la abiria 33, lenye kwenda kilomita 5 kwa lita, linachoma 1,020, yaani 31 kwa kila kiti.

Sasa basi la umeme la viti 25. Linatumia yuniti 0.6 kwa kilomita, labda zaidi kidogo kwa joto letu na kiyoyozi kikiwashwa. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku wakati matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Nikiongeza tozo hizo kwa kukisia, nachukua 22 mchana na 13 usiku. Safari ya Ukunda inakula yuniti 18, ambazo ni shilingi 396 ukichaji mchana na 234 ukichaji usiku. Kila kiti kinabeba 16 au 9. Ukilinganisha na zile 36 za matatu, abiria mmoja ameokolewa kati ya shilingi 20 na 27.

Hapo ndipo wauzaji wengi huishia, na msikilizaji akapiga makofi. Lakini basi la umeme ni ghali kununua, na betri ndiyo sehemu kubwa ya bei. BasiGo, kampuni iliyoanza na mabasi ya BYD jijini Nairobi kwa kuyapa Citi Hoppa na East Shuttle, ilikuja na njia ya kulitatua hilo: mwenye gari alipe bei iliyokaribia ile ya basi la dizeli, shilingi milioni 5 mwaka 2022, kisha alipe shilingi 20 kwa kila kilomita, ndani yake kukiwa na betri, kuchaji na matengenezo. Masharti yamebadilika tangu wakati huo na mabasi makubwa zaidi yameongezwa, sasa yakiunganishwa Thika, kwa hiyo mwenye sacco aombe bei ya leo. Mfumo lakini unafaa kupigiwa hesabu, maana ndio uliowapa watu wa matatu nafasi ya kuingia bila kubeba mzigo wa betri.

Shilingi 20 kwa kilomita ni 600 kwa safari ya Ukunda, yaani 24 kwa kiti basi likijaa. Mkopo wa milioni 5 kwa miaka minne, riba ya asilimia 16, ni karibu 141,700 kwa mwezi. Basi likifanya safari nane kwa siku, siku 26, mkopo unaweka shilingi 681 kwenye kila safari, 27 kwa kiti. Jumla ni 51, kabla ya dereva, kondakta, bima na ada ya steji. Matatu ya mtumba ya milioni 2.5 kwa mkopo wa masharti hayohayo na safari nane ina 36 ya dizeli na 24 ya mkopo, jumla 60, na gereji bado haijalipwa. Basi la umeme limeshinda.

Limeshinda likiwa limejaa. Punguza abiria kwa nusu na zile 51 zinakuwa 102, nauli yote imekwisha na dereva hajalipwa. Matatu nayo inafika 120, lakini mwenye matatu ana njia ya kujikinga: hang'oi gari Likoni mpaka lijaze, na viti 14 hujaa upesi. Viti 25 vinahitaji karibu abiria mara mbili. Basi linaloondoka kwa saa, kama ambavyo kila mpango wa mabasi ya mjini huahidi, litaondoka na viti vitupu saa nne asubuhi na saa nane mchana. Nani atavilipia? Mengine yote katika kandarasi hufuata jibu la swali hilo.

Upo mkataba ambao mwendeshaji anaweka nauli zote mfukoni na kubeba hasara mwenyewe. Serikali huupenda kwa sababu haitoi senti. Mwendeshaji naye hujikinga kwa kupunguza mabasi, kujaza watu hadi mlangoni, au kudai apewe njia peke yake. Upo mwingine ambao serikali inakusanya nauli na kumlipa mwendeshaji kwa kilomita, abiria wawepo wasiwepo. Huo humpa abiria basi la uhakika, lakini unahitaji mlipaji anayelipa kwa wakati. Kaunti zetu zinasubiri mgao kutoka Hazina ya Taifa kwa miezi, na wakandarasi wa barabara na wauzaji wa dawa wanajua jinsi deni la kaunti linavyokaa. Mwendeshaji asiyelipwa miezi mitatu ataegesha mabasi, na mfanyakazi wa Diani atarudi kwenye matatu ya 150. Bila ya akaunti maalumu ambayo nauli inaingia na mwendeshaji analipwa kwanza humo, mimi nisingeukubali mkataba wa namna hiyo Kwale.

Dakar ndio mji wa Afrika uliofika mbali zaidi katika jambo hili. Tangu 2024 njia yake ya kilomita 18.3, yenye mabasi 121 yote ya umeme, inaendeshwa na kampuni ya Dakar Mobilité, ambayo Meridiam ya Ufaransa ina asilimia 70 na mfuko wa uwekezaji wa Senegal, FONSIS, una 30. Kandarasi ni ya miaka 15. Nauli ni faranga 400 au 500, kama shilingi 90 hadi 110 za kwetu, na safari iliyokuwa ikichukua saa moja na nusu sasa ni dakika 45. Ni kazi nzuri, na yeyote atakayeleta pendekezo Kwale ataitaja. Mjibu kwa takwimu moja: njia ile ilipangwa kubeba watu 300,000 kwa siku. Kaunti nzima ya Kwale, kuanzia Kinango hadi Vanga, ilihesabiwa kuwa na watu 866,820 mwaka 2019. Barabara maalumu za zege zenye vituo vya vioo zinalipwa na umati, na umati huo sisi hatuna.

Dar es Salaam inafundisha jambo jingine. Mradi wake wa mabasi ya Mwendokasi ulianza 2016 na mabasi 140, kampuni ya UDART ikiwa mtoa huduma wa mpito, na nauli ya shilingi 650 za Tanzania ambayo baadaye ilipanda hadi 750. Barabara ilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza. Mabasi ndiyo yaliyopungua mwaka hadi mwaka, mengine yakiharibiwa na mafuriko pale karakana ya Jangwani, na foleni za Kimara zikarefuka. Oktoba 2025 ilibidi serikali ihamishie njia hiyo mabasi ya gesi ya Mofat, mwendeshaji aliyekuwa ameandaliwa kwa ajili ya Mbagala. Abiria wa Kimara alikuwa na nauli nafuu kwenye karatasi na saa nzima ya kusimama kituoni. Nauli rahisi isiyokuwa na idadi ya mabasi iliyoandikwa kwenye mkataba ni bei ya kitu ambacho hakipo dukani.

Wala hatuhitaji kuvuka mpaka. Mwaka 1966 Baraza la Jiji la Nairobi liliipa kampuni ya mabasi ya KBS haki ya peke yake ya kubeba abiria, nalo likachukua robo ya hisa. Jiji lilikua, mabasi hayakukua nalo, na watu wa Eastlands wakabebwa na matatu zisizo na leseni hadi Rais Kenyatta alipoziruhusu mwaka 1973. Stagecoach ya Uingereza iliinunua KBS 1991 na kuondoka 1998. Reli ilikwenda kwa Rift Valley Railways mwaka 2006 kwa kandarasi ya miaka 25. Mwaka 2017 ilikuwa imevunjwa. Na hapa Likoni kwenyewe tuliahidiwa magari ya kamba yatakayotuvusha juu ya kivuko, ubia na kampuni ya Likoni Cable Express, na hakuna nguzo iliyosimama. Anayetaka sahihi ya wakazi leo anakuja kwa watu wenye kumbukumbu.

Haki ya peke yake ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko nauli. Tazama barabara yenyewe ilivyo: Likoni, Shika Adabu, Ng'ombeni, Waa, Kombani penye njia panda ya Kwale mjini, Tiwi, Ukunda, halafu Mwabungo, Gazi, Msambweni, Ramisi, mpaka Lunga Lunga. Matatu ya Msambweni haiishi kwa abiria wa Msambweni peke yao. Inashusha mtu Waa na kuchukua mwingine, inashusha Tiwi na kujaza tena Ukunda. Kiti kimoja kinauzwa mara mbili au tatu kwa safari moja, na ndiyo sababu nauli ya Msambweni iko pale ilipo. Sasa mpe mwekezaji haki ya kuwa yeye tu ndiye anayeokota abiria kati ya Likoni na Ukunda. Matatu ya Msambweni italazimika kuvuka kilomita 30 ikiwa imefunga mlango, na gharama hiyo atailipa mama anayempeleka mtoto hospitali ya rufaa ya Msambweni. Abiria wa Ukunda anapunguziwa shilingi kumi, wa Msambweni anaongezewa hamsini. Pendekezo lolote la njia hii ni lazima liseme waziwazi magari ya mbali yataokota abiria wapi.

Msambweni yenyewe iko zaidi ya kilomita 50 kutoka Likoni. Basi lenye uwezo wa kilomita 250 kwa chaji litakwenda na kurudi mara mbili tu kisha litafute umeme, na abiria ni wachache baada ya Ukunda. Kwa kipande hicho, dizeli bado ndiyo yenye nafuu kwa sasa. Nasema hivi nikijua kuwa kuna watakaonung'unika kwamba kusini mwa Ukunda husahaulika kila mara. Ni kweli husahaulika, lakini basi linaloegeshwa mwezi wa pili kwa kukosa abiria halimsaidii mtu wa Milalani.

Halafu kuna msimu. Diani hujaa Desemba na Agosti. Kuanzia Aprili, masika yanapopiga, hoteli hufunga sehemu ya vyumba na vibarua hurudishwa nyumbani, na viti vya matatu hubaki wazi mpaka Juni. Mwenye matatu hupitisha miezi hiyo kwa kupunguza safari au kuliweka gari juu ya mawe. Mwendeshaji mwenye mkopo wa benki hawezi. Mkataba unaomlazimisha afanye safari zilezile mwaka mzima utampeleka kwenye hasara au kwenye ombi la kupandisha nauli mwezi wa Mei, wakati ambapo abiria hana kazi. Ratiba mbili, ya msimu na ya masika, zingewafaa wote, na sijaona kwa nini isiandikwe hivyo tangu mwanzo.

Kuna pia fedha za kigeni. Mabasi na betri hununuliwa kwa dola hata kama bodi imeunganishwa Thika. Wenye magari wa Nairobi walionja hili kwenye barabara ya juu ya Expressway, kandarasi ya miaka 27: Januari 2024, shilingi ilipokuwa imeanguka, ada ya gari dogo kwa safari nzima ilitoka 360 hadi 500. Mwenye gari aliweza kushuka na kupita Mombasa Road. Abiria wa Waa hana barabara ya pili. Kikomo cha nauli kiandikwe kwa shilingi, na kiwe kinafuata bei ya umeme na mfumko wa hapa nchini, basi.

Faida tunazo, na zinafaa kutumika kama silaha ya kujadiliana. Mwenda kwa miguu havuki feri kwa malipo, kwa hiyo kodi yetu inamletea mwendeshaji maelfu ya abiria mpaka mlangoni pake Likoni bila yeye kutoa kitu. Umeme wa gridi unafika kituo cha Galu kwa laini ya kilovolti 132 kutoka Rabai, karibu kabisa na Ukunda, ingawa karakana isiyokuwa na akiba yake yenyewe itaumia usiku ambao stima zinapotea. Na sasa kuna Dongo Kundu. Njia hiyo ya kilomita 17.5 kutoka Miritini hadi Kibundani inamfikisha mtu wa Diani kwenye stesheni ya SGR bila kuona feri. Mgeni anayeshuka treni hulipa teksi maelfu ya shilingi. Basi linalongoja treni, lenye nafasi ya mizigo, likimtoza 500, lingemwacha na furaha na lingezijazia hasara safari za saa nane mchana za wafanyakazi. Mwekezaji akiomba njia, apewe hizo mbili kwa pamoja, yenye faida na yenye dhiki, asije akachukua treni na kutuachia Shika Adabu.

Kisheria jambo hili lina wenyewe wengi. Sheria ya ubia wa serikali na sekta binafsi ya 2021 inaruhusu kaunti kuingia mikataba na hata kupokea mapendekezo yaliyobuniwa na kampuni yenyewe. Lakini Likoni iko Mombasa na Ukunda iko Kwale, barabara ni ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, leseni za magari ni za mamlaka ya usafiri, NTSA. Kampuni itakayosema imemalizana na kaunti moja haijamalizana na mtu. Wenye saccos wana nguvu hapo kuliko wanavyodhani, kwa sababu leseni za njia tayari ziko mikononi mwao.

Kwa hiyo kati ya chaguo zilizopo, langu ni hili. Njia ya Likoni, Ukunda na Diani Beach ianze na mabasi ya viti 25 yanayomilikiwa na saccos zilizopo, kwa mfumo ule wa kulipia betri kwa kilomita, pamoja na safari za Miritini. Karakana ya kuchaji iwe mali ya umma, Ukunda, na mtambo wake uweze kuchaji basi la kampuni yoyote. Mwenye mtambo pekee mjini ndiye mwenye njia, hata kama mabasi si yake. Mkataba usizidi miaka minane, karibu na umri wa betri moja. Idadi ya mabasi na muda wa kungoja viandikwe pamoja na faini yake. Pasiwe na haki ya peke yake inayomgusa abiria wa Msambweni. Kwa masharti hayo naona nauli ya 80 inawezekana saa za kazi, na yule mfanyakazi wa Diani atabakiwa na shilingi 1,040 kila mwezi.

Pendekezo la miaka 25 lenye njia ya peke yake na nauli inayofuata dola, hata likija na mabasi mazuri kiasi gani, lirudishwe. Katiba inataka wananchi washirikishwe, na vikao vya kuwashirikisha hufanyika mchana, siku ya kazi, watu wa zamu wakiwa hotelini. Mkisikia kikao kimeitishwa Ukunda au Likoni, tumeni hata mtu mmoja kutoka kila hoteli na kila steji, naye aombe mkataba wenyewe, asipewe muhtasari.